Mkuu, usizibe hayo maji yanayotoka chini ya tuta

Mwambie huyo fundi arudishe saruji yake dukani. Nimesoma maelezo yako yote: lambo la shamba la zamani la kahawa huko Usa River, sasa liko mikononi mwa kikundi chenu, na maji yanachuruzika chini ya tuta upande wa nje. Fundi anataka kuchimba hapo, ashindilie mfinyanzi, kisha apige zege juu. Unauliza kama zege la inchi nne linatosha, kama miti iliyoota tutani ikatwe, na kama mnaweza kuongeza kimo kwa mita moja. Liwe la inchi nne au kumi, upande wa nje hauzibwi.

Sisi huku upande wa Moshi tuliziba. Alikuja mtu na kofia yake ngumu, akatuambia bwawa linalovuja ni sawa na ndoo iliyotoboka. Si kweli hata kidogo! Tuta la udongo hupitisha maji, hata likiwa jipya. Maji yanapenya polepole, yanashuka, yanatokea chini, na pale yanapotokea ndipo presha inapopungua. Ukipaziba, maji hayarudi bwawani. Yanapanda ndani ya tuta, yanalowesha udongo uliokuwa mkavu na kuulegeza, kisha yanatafuta pa kutokea pengine.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kiangazi chote pale palikauka na kila mtu akamsifu fundi. Masika ilipojaza bwawa, unyevu ukatokea juu zaidi, kwenye mteremko ambao haukuwahi kulowana. Haukupita muda, kipande cha mteremko kikaporomoka pamoja na zege lake. Familia za bondeni zikahamia kwa ndugu, sisi tukafungulia maji yaende mtoni, na nyanya za msimu mzima zikakauka shambani. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Yule bwana alikuwa ameshalipwa yote na simu hapokei. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuuliza hata mara moja maji yale yalikuwa na rangi gani. Zege linaonekana, wanakikundi wanapiga makofi, yeye anaondoka na hela.

Rangi ndiyo ya kuangalia kwanza. Kinga maji hayo kwenye chupa angavu, iache imetulia usiku kucha, asubuhi tazama kitakoni. Kama ni maangavu na kiasi hakiongezeki, mnaweza kuishi nayo huku mnayapima. Kama kuna udongo umetuama, tuta linaliwa kwa ndani, na hapo hamna muda wa vikao. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, lilikuwa jipya kabisa, ndiyo kwanza linajazwa. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 walikuta maji ya tope yakitoka. Wakapeleka matingatinga kusukumia udongo kwenye tundu. Tundu likameza matingatinga mawili, na kabla ya saa sita mchana tuta likapasuka. Watu 11 walikufa. Hao walikuwa na wahandisi na mitambo, mkuu. Nyie mna huyo fundi na mifuko ya saruji.

Kinachotakiwa ni kuyaacha maji yatoke bila kubeba udongo. Mahali yanapotokea unatandika mchanga safi wa chembe kubwa usio na vumbi la udongo, juu yake kokoto ndogo, juu kabisa mawe makubwa kidogo. Mchanga unazuia udongo, mawe yanashikilia mchanga, maji yanapita. Ukianza na mawe, udongo utapita katikati yake na hujafanya kitu.

Kisha yaelekeze kwenye mfereji mmoja na, ili kupima yanatoka kiasi gani, uweke bati lililokatwa umbo la V, pembe ya nyuzi 90, maji yote yapite hapo. Maji yakipita kwa kimo cha sentimita 5 kutoka ncha ya chini ya hiyo V, ni kama robo tatu ya lita kwa sekunde. Yakifika sentimita 10 ni zaidi ya lita 4, kwa hiyo usidharau kupanda kidogo. Andika kila wiki pamoja na kina cha bwawa siku hiyo, maana bwawa likijaa hata uvujaji wa kawaida huongezeka.

Hilo la kuongeza mita moja lisahau kabisa kwa sasa. Mngekuwa mnaongeza mzigo wa maji juu ya tuta msilolijua.

Mkiona tope, anzeni kupunguza maji, lakini taratibu. Yakishuka ghafla, mteremko wa ndani uliolowa unaweza kuporomoka. Waambieni wa bondeni siku hiyohiyo, na mtu aende ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani hapa Moshi kuomba mhandisi wa mabwawa aje aone kwa macho yake.

Jambo moja hukulisema: maji yanatokea kando ya bomba la zamani la kutolea maji, au mbali nalo? Mabomba ya chuma ya mashamba yale yameoza, na maji hupenda kufuata ubavu wa bomba. Piga picha pale, uiweke hapa leo kabla fundi hajaanza kuchimba.