Maswali na majibu: Anajua muguka ni mbaya, mbona anatafuna?

Wiki hii maswali mengi yamehusu somo la afya skuli, basi nimeyaweka pamoja.

Mwalimu, Barani: Gredi ya 8 nimewafundisha madhara ya muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, mtihani wakapita karibu wote, wiki haijaisha nimewakuta watatu nyuma ya choo mashavu yamejaa. Nimekosea wapi?

Mwalimu mwenzangu, hujakosea kuwafundisha, ila umewapa nusu. Wanajua muguka unafukuza usingizi na kuua hamu ya kula, wote wanaweza kukuandikia hayo, lakini siku ile rafiki anapomwambia "shika kidogo, kwani we mtoto wa mama?" hana neno la kujibu, na pale hakuna kuchagua A ama B, kuna sekunde tatu tu na wenzake wote wanamwangalia. Sekunde hizo ndizo za kufundisha. Wagawe wawili wawili, mmoja ashawishi kwa maneno ya mtaani (usiwaandikie wewe, wanayajua kukushinda), mwengine akatae, kisha wabadilishane. Mara ya kwanza watacheka tu, waache wacheke. Mara ya tano utasikia mtoto amepata jibu lake mwenyewe, "mi leo nna mechi", "babangu hunusa mdomo", na jibu fupi kama hilo ndilo litakalomtoa pale, si hotuba. Waulize pia, mkianza kutafuna huwa mko wapi, na nani, mmetoka kufanya nini? Mmoja atagundua ni kila Ijumaa baada ya mpira, sasa huyo ana kitu cha kupanga. Mwaka 2024 kaunti yetu ya Kilifi ilipiga marufuku muguka, mambo yakafika kortini, na wakubwa wavutane wasivutane, mtoto bado anapita njia ileile yenye muguka kwenda skuli.

Mama, Maweni: Wangu ana miaka 11. Skuli, chuoni (madrasa), tuisheni, akirudi ukimgusa tu anarusha vitabu. Kweli hasira hufundishwa?

Hufundishwa, dada, lakini kwanza nambie analala saa ngapi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na kama analala saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri ushamwamsha, hapo amepata 6 tu, hata mimi ningerusha vitabu. Punguza kimoja, mimi ningeanza na tuisheni. Halafu siku ametulia, si siku ya vita, mfundishe kuitaja hasira kabla haijapanda, "mama nimechoka, niache kidogo", na kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Nawe ufanye mbele yake ukiudhika, maana anakutazama wewe kuliko anavyokusikiliza.

Baba, Shela: Hii ya somo la afya kumfundisha mtoto kuhoji si ndo kumfundisha kujibizana na wazee?

La, ndugu yangu. Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilitaja stadi 10 za maisha, kufikiri kwa kina imo, na kumhurumia mwenzio imo pia, zinafundishwa pamoja. Adabu ibaki, shikamoo ibaki. Ila mtoto aliyezoezwa kutii kila mkubwa bila kuuliza, siku mkubwa mbaya akimwambia "usimwambie mamako" atatii vilevile, na hilo linanitia hofu kuliko kujibizana. Afundishwe kwamba akiambiwa aweke siri kuhusu mwili wake asiifiche, aseme, na namba 116 ya simu ya kuwasaidia watoto, ambayo ni bure, aijue kwa kichwa.

Mwanafunzi, Muyeye: Naambiwa nipunguze soda, naapa Jumapili, Jumanne nishakunywa. Sina msimamo?

Mwanangu, msimamo unao, huna mpango. Soda ya kola ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, kama vijiko 7 hadi 8 vya chai, kwa hiyo uko sawa kutaka kupunguza, lakini "nipunguze" haipimiki. Andika: Jumatatu mpaka Alhamisi maji, Ijumaa soda moja. Beba chupa yako ya maji, pesa beba ya chakula tu, na wakati wa breki usikae pale dukani. Kisha niandikie ulifika Alhamisi ama ulikwama Jumanne, na kama ulikwama nambie ulikuwa umekaa na nani.