Jino limenyamaza lenyewe, ning'oe au nitibu?

Ndugu, umesema gego lililokunyima usingizi wiki nzima limeacha kuuma ghafla, sasa hujui uling'oe au uliache. Huo ukimya usiushangilie. Mara nyingi neva imekufa tu, bakteria bado wamo, wanashuka taratibu hadi kwenye mfupa. Langu lilinyamaza hivyohivyo, baadaye kikachomoza kijipu kwenye ufizi.

Piga eksirei kwanza. Kama jino halijapasuka hadi mzizini, mimi ningetibu mzizi. Unapigwa ganzi, daktari anatoboa juu, anasafisha mifereji iliyo ndani ya mizizi kwa visindano vyembamba, anaijaza na kuziba. Gego la juu huwa na mifereji mitatu au minne, kwa hiyo jiandae kuachama muda mrefu! Ukimaliza, livishwe kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino, maana magego yaliyotibiwa huvunjika kirahisi.