Usinunue hao bluu, subiri kwanza

Mkuu, rudisha pesa mfukoni. Umetuwekea picha ya samaki wa njano wa tangi lako, unauliza ni nani na chujio gani linamfaa, halafu unatuambia kesho unakwenda kumnunulia "majike" sita wa bluu. Hao sita ndio walionifanya niandike.

Huyo pichani ni kenyi, mmoja wa mbuna, yaani samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, kitaalamu Maylandia lombardoi. Ona milia ya hudhurungi iliyofifia ubavuni. Angekuwa Labidochromis caeruleus, yule wa njano maarufu, ubavu ungekuwa safi na pezi la mgongoni lina mstari mweusi. Hilo limeisha.

Sasa bluu. Muuzaji wangu aliniapia: bluu jike, njano dume, basi. Hakuniambia kwamba kenyi wadogo wote ni bluu, madume kwa majike, na kwamba dume mnyonge anaweza kubaki na bluu yake muda mrefu kwa kumwogopa dume mbabe wa tangi. Nikabeba kundi zima la "wake". Mmoja akaanza kupauka shavuni, kisha mgongoni, mara akawa njano tupu. Akafuata mwingine. Mbabe wa zamani hakuuliza mtu: alimbana mmoja nyuma ya hita akamnyofoa mkia hadi kwenye shina. Waliopona wakajibanza konani juu kabisa, mapezi yamechanikachanika. Namrudia muuzaji, ananiambia maji yangu ni machafu. Maji! Mimi nina ulingo wa ndondi sebuleni, yeye ananiuzia dawa ya maji. (Nilinunua. Tusiliongelee.)

Rangi ya kenyi mdogo haisemi kitu. Geuza tumbo. Lowesha mikono na wavu, mshike chali sekunde chache tu, tazama mbele ya pezi la chini, lile la nyuma ya tumbo. Kuna matundu mawili: la mbele la haja, la nyuma la uzazi. Kwa dume yanakaribia kulingana. Kwa jike la nyuma ni kubwa zaidi na pana. Tazama wawili kwa pamoja, tofauti inajitokeza. Wakiwa wadogo mno hutaona kitu, kwa hiyo wadogo usinunue kama majike, hata uapiwe vipi. Na yale madoa ya njano kwenye pezi hilo yasikupumbaze, majike wengine wanayo pia.

Muuzaji akikataa usiwakague, ondoka. Ukirudi na picha nyingine, iwe ya tumbo, ubavu tumeshauona.