Ukipangiwa tiba shufaa na daktari ni mmoja

Mdogo wangu uliyepangiwa kitengo chetu cha tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mtu mwenye ugonjwa mzito, karibu. Utakachokiona mapema ni kwamba wagonjwa ni wengi na daktari ni mmoja, tena huyo mmoja ana wodi, ana kliniki na bado anaitwa chumba cha upasuaji. Ukizoea kumsubiri kwa kila kitu, mgonjwa ataumia wiki nzima kwa jambo lililokuwa la kumalizwa asubuhi moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila watu 100 wanaohitaji tiba shufaa duniani, wanaoipata ni kama 14 tu. Madaktari hawataongezeka kesho. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii inamhitaji mtu wa kuuliza vizuri, kuandika vizuri na kumfundisha yule anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Huyo ndiye mhudumu mkuu, wewe na mimi tunapita tu.

Waganda waliliona hili zamani. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, akatumia mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali: unga unaochanganywa na maji, bei nafuu, hauhitaji sindano wala kitanda cha hospitali. Dawa ikapatikana, wa kuiandika wakawa hawatoshi. Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa, wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuiandika. Shika neno hilo, waliosomea. Usije ukasikia habari za Uganda ukaanza kujiandikia dawa kituoni kwako. Uliza kwanza: hapa nani anaruhusiwa kuandika, nani anashika ufunguo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa, rejesta inajazwaje? Kisha hakikisha daktari akipatikana kwa dakika tano anakuta karatasi yako imejaa: maumivu yako wapi, yalianza lini, yanamwamsha usiku au la, ameshatumia dawa gani, choo anapata mara ngapi, figo zikoje. Abaki kuamua na kusaini.

Kuhusu kuuliza, ukimwambia mzee "unaendeleaje?" atakujibu "namshukuru Mungu", na jasho linamtoka. Muulize alilala upande gani jana, aliweza kuinama kuswali, alimaliza uji? Baada ya hapo mwonyeshe mkono: ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu makali kupita yote. Andika namba. Safari nyingine uliza vilevile, ndipo utajua kama dawa inafanya kazi.

Sasa mofini, maana hapa ndipo wageni wengi wanapotetereka. Ile ya kunywa inafanya kazi kwa takriban saa 4, ndiyo maana inatolewa kila baada ya saa hizo, bila kungoja mgonjwa alie. Chupa zinatofautiana nguvu: ipo yenye miligramu 5 ndani ya mililita 5, na ipo yenye miligramu 50 ndani ya mililita hizohizo 5. Kijiko ni kilekile, dawa ni mara kumi. Uganda wanazitofautisha kwa rangi. Wewe usitegemee rangi, soma lebo kwa sauti kila unapokabidhi chupa.

Halafu usimuulize anayeuguza kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo. Mpe bomba la sindano lisilo na sindano, weka maji kwenye kikombe, mwambie avute kipimo mbele yako. Kama hajui kusoma namba, zungushia plasta kwenye bomba pale dawa inapotakiwa kuishia, avute tena. Mwulize: saa nane usiku ameanza kulia na umeme umekatika, utafanya nini? Jibu lake litakuonyesha kama umefundisha au umehubiri.

Pamoja na mofini itoke dawa ya kulainisha choo, siku hiyohiyo. Usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua, kufunga choo hakupungui. Watu wanaogopa uraibu, lakini mimi wengi niliowaona wakiiacha ni tumbo lililowashinda. Na wafundishe dalili za hatari: haamsiki, anavuta pumzi chache mno, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hapo asipewe dozi nyingine, na wapige simu mara moja.

Kuna mambo madogo ambayo hayana heshima kwenye vitabu. Kidonda cha saratani ya titi kikinuka, vidonge vya metronidazo vilivyosagwa laini na kunyunyizwa juu yake hupunguza harufu. Nilimkuta mama mmoja amehamishiwa chumba cha uani kwa sababu hiyo. Harufu ilipopungua, wakwe zake walirudi kula naye. Hakuna mofini ingefanya hivyo.

Ndugu watakuvuta pembeni wakuambie "usimwambie". Usibishane nao mlangoni. Mwulize mgonjwa mwenyewe anajua nini na anataka kujua nini. Mara nyingi anajua zaidi yao.

Mhudumu wa afya wa mtaa ule mpe namba yako na wewe chukua yake, maana ndiye atakayepita Jumapili. Na msiba ukitokea, nenda kuwapa pole mapema, kwa sababu kuna chupa ya mofini ndani ya nyumba ile. Nenda na rejesta, pima kilichobaki mbele ya wenye nyumba, wasaini, nawe usaini, kisha irudi kituoni siku hiyohiyo.