Swali la lugha: Mgonjwa anahara au anaharisha?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Ujiji, Kigoma. Mwaloni tunakonunulia dagaa kumebandikwa tangazo lisemalo: "Jihadharini na virusi vya kipindupindu. Anayeharisha awahishwe zahanati." Mwanangu wa kidato cha pili anadai kuwa lina makosa mawili. Je, ni kweli?

JIBU: Kosa lisilo na mjadala ni "virusi". Kipindupindu huletwa na bakteria, Vibrio cholerae, na katika mkoa ulioshuhudia ugonjwa huo ukizuka Kagunga mwaka 2015 miongoni mwa wakimbizi wa Burundi, si vyema kuchanganya majina hayo mawili, kwa maana antibiotiki humwua bakteria lakini hazikidhuru kirusi. (Neno virusi lilitufikia likiwa na vi- yake tayari, nasi tukalichukulia kuwa wingi na kulizalia umoja, kirusi, bakteria halibadiliki, tunasema bakteria huyu, bakteria hawa.)

Kuhusu "anayeharisha", mwanao ana hoja, ila asiishikilie mno. Kitenzi cha msingi ni hara, na kiambishi -ish- huleta maana ya kusababisha, kama panda inavyozaa pandisha. Kwa sarufi hiyo mgonjwa huhara, na kinachomfanya ahare ndicho kiharishacho. Linalonifurahisha ni kwamba tabibu naye angesema hivyo hivyo: bakteria hujishikiza katika utumbo mwembamba na kutoa sumu, nayo sumu huzilazimisha seli za utumbo kumwaga maji na chumvi, mpaka mgonjwa anatoa choo cheupe mithili ya maji yaliyooshewa mchele. Anayehara ni mtu. Inayoharisha ni sumu. Kwa hiyo "ugonjwa wa kuhara" na "ugonjwa wa kuharisha" yote ni sahihi, la kwanza likitaja hali ya mgonjwa, la pili likitaja kazi ya ugonjwa wenyewe.

Hata hivyo, wasemaji wengi, wauguzi wakiwamo, huuliza, "Ameharisha mara ngapi tangu asubuhi?" wakikusudia amehara, nadhani hara tupu huwasikikia kavu mno. Mama aliyembeba mtoto aliyelegea, macho yameingia ndani, simsahihishi neno hilo. Katika maandishi rasmi ningeandika: "Jihadharini na bakteria wa kipindupindu. Anayehara awahishwe zahanati."