Maswali yenu: mapambo ya meza ya Krismasi na watoto

Shule zimefungwa, mabasi ya kuja Moshi yamejaa, na simu yangu nayo imejaa. Nimechagua sita.

Gundi gani inamfaa mtoto wa miaka minne? Mama wa watatu, Pasua

Hili nimelijibu Pasaka, nikalijibu tena Novemba. Haya: uji wa unga wa ngano. Unga kijiko kimoja, maji ya baridi vijiko vinne au vitano, koroga mpaka madonge yaishe, ndipo ubandike jikoni. Ukianza na maji ya moto, madonge utayatengeneza mwenyewe. Ukiwa mzito, epua na uuache upoe kabisa. Mtoto akiulamba, kalamba uji. Usiuweke zaidi ya siku mbili, unachacha. Na usilaze mapambo mezani: mwaka juzi niliacha mnyororo wangu wa karatasi usiku, asubuhi nikakuta panya wameshasherehekea. Ile gundi ya papo kwa papo ya kubandikia viatu isiingie kabisa chumba chenye mtoto. Inashika vidole kabla ya karatasi.

Mnyororo wa meza ya mita moja na nusu unataka karatasi ngapi?

A4 nne. Kata vipande vya sentimita 3 kufuata upande mfupi; kila karatasi inatoa tisa.

Nyota ya theluji ya pembe sita haikatiki, mtoto analia. Baba, Sakina, Arusha

Wewe umejaribu kuikata? Ukishaikunja ili itoe pembe sita, mkasi unakutana na tabaka 12. Karatasi ya printa tabaka 12 inanishinda hata mimi, sembuse mtoto wa miaka mitano mwenye mkasi butu. Mpe karatasi laini ya kufungia zawadi, au ikunjwe mara mbili tu itoke nyota ya pembe nne. Theluji ya kweli ina pembe sita, sawa, lakini huyo hayuko kwenye mtihani. Na wale wanaoniandikia kwamba theluji ni mambo ya Ulaya, waje jikoni kwangu asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa imefunguka.

Naweza kuweka masale katikati ya meza, watoto wayazungushie karatasi? Mke mgeni, Machame

Shikamoo ya mama mkwe kwanza, halafu umuulize. Sale kwa Wachagga ni jani la kuombea msamaha, na ndilo linalopandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya ukoo. Ukilipamba mezani, wazee watatazamana wakijiuliza nani kamkosea nani. Majani ya kahawa yako hapo hapo nje, yanang'aa, na hayaleti maneno.

Malaika wa mwanangu wamepinda. Naweza kuwakata upya usiku akilala, wageni wasicheke? Mama, Njiro

Nilijua utakuja. Kila Desemba unakuja, jina tu linabadilika.

Nimefundisha chekechea miaka mingi. Mwaka mmoja mama alibadilisha malaika wa binti yake, akaleta wengine walionyooka kama wametoka kiwandani. Mtoto akasimama mbele ya meza, akawageuza mmoja mmoja, akaja kunivuta gauni. "Mwalimu, huyu si wangu. Wangu alikuwa na kidole." Nilielewa baadaye: kwenye bawa la malaika wake kulikuwa na alama ya kidole chake cha gumba, chafu, ya gundi. Hakugusa tena karatasi wiki nzima.

Mgeni anayecheka malaika wa mtoto ampunguzie nyama. Na kama shida yako ni picha ya status, piga picha ya pilau. Zile chengachenga za kung'aa unazotaka kufunikia makosa pia achana nazo. Ni plastiki, na zitakuwa kwenye chakula kabla ya sala.

Mishumaa katikati ya mapambo?

Hapana. Umeme ukikatika, mshumaa ukae juu ya kabati la vyombo, mbali na mnyororo na mbali na mkono wa aliyeutengeneza.