Maswali kwa fundi: injini inayochemka na kuvuja oili

Jumbe za wiki mbili hizi karibu zote zinalia kilio kimoja: pikipiki inachemka, oili inavuja. Nusu yake sikuweza kuzijibu. Mtu anaandika "Fundi, boda yangu inachemka, nisaidie", basi, amemaliza. Inachemka ukiwa steji au ukipanda mlima? Oili ulibadilisha lini? Inavuja upande wa giya au upande wa kiki? Moshi ni wa rangi gani? Nimeyauliza haya hapa mara nyingi na nitaendelea kuyauliza, kwa sababu mkiyajibu kabla ya kuniandikia, wengi wenu hamtanihitaji. Leo nimechagua walionipa kitu cha kushika.

Nina Boxer ya 150, kazi yangu ni Kisian kwenda Maseno. Nikipanda mlima na abiria wawili na gunia, injini inaishiwa nguvu na kugonga. Oili imetapakaa sehemu ya juu. Fundi wa steji anataka tufungue hedi, kile kichwa cha injini, tubadilishe pistoni na ringi. Nimpe pesa?

Usimpe bado. Anayetaka kufungua hedi kabla hajafuta vumbi hajui anachotafuta.

Injini yako haina rejeta wala feni. Hupozwa na vitu viwili tu: upepo unaopita kati ya zile mbavu za silinda, na oili inayozunguka ndani. Kutoka Kisian unaliacha Ziwa Victoria, lililo kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi karibu mita 1,500 pale Maseno, kwa giya ya pili, jua la saa nane mchana. Kazi ya injini hapo ni ngumu kuliko popote, na upepo ni mdogo kuliko popote. Sheria ya trafiki inakuruhusu abiria mmoja. Huyo wa pili ndiye anayekula pistoni yako, na ndiye atakayeumia breki zikishindwa mkiteremka kurudi. Mpunguze kwanza, kabla ya kushika spana yoyote.

Kisha tafuta. Fanya asubuhi injini ikiwa baridi. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare, upime oili. Soma kitabu cha pikipiki ujue kama kijiti chako cha oili hupimwa kikiwa kimekazwa au kikiwa kimekalia tu tundu. Watu wengi hupima vibaya kwa miaka. Sugua mbavu za silinda kwa brashi, maji na sabuni, maana tope lililokaukia humo huzuia joto kutoka. Kausha kabisa. Sasa chukua poda ya mtoto, nyunyiza kuzunguka tapeti kava (kifuniko cha valvu, juu ya hedi), pale hedi inapokutana na silinda, na pale silinda inapokalia injini. Endesha kilomita 2 au 3, simama, tazama. Poda hulowa pale hasa oili inapotokea. Mara nyingi utaona imetokea juu zaidi ya ulivyodhani, kwa sababu oili huteremka na upepo huisukuma nyuma. Kwa ulivyonieleza, nashuku raba ya tapeti kava. Hiyo ni kazi ya nusu saa na haihusiani na ringi hata kidogo.

Kugonga mlimani ni jambo jingine. Toa plagi uisome. Kahawia hafifu ni afya. Nyeupe kama chokaa maana yake petroli ni kidogo na hewa ni nyingi, na injini ya namna hiyo huchemka. Nyeusi kavu, petroli imezidi. Nyeusi iliyolowa mafuta, oili inaungua ndani. Ikiwa nyeupe, kagua kipira kinachounganisha kabureta na injini: injini ikiwa baridi na inanguruma polepole, kipake maji ya sabuni kwa brashi. Mlio ukibadilika, kimepasuka na kinavuta hewa ya wizi. Msifanye jaribio hili kwa petroli. Nimeona mkono wa kijana ulioungua kwa njia hiyo, na hautarudi kuwa ulivyokuwa.

Pima nafasi ya valvu pia, injini ikiwa imelala usiku kucha. Valvu iliyobanwa mno haifungi vizuri, na valvu hupoa zaidi pale inapokalia kiti chake. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Breki inayoshika na cheni iliyobanwa huifanya injini ipande mlima hata ukiwa Ahero kwenye tambarare. Cheni icheze sentimita 2 hadi 3.

Na petroli unanunua wapi? Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia kuyachanganya na mafuta mengine, lakini petroli ya chupa kando ya barabara hakuna anayeipima. Iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga na kuchemsha, hasa mlimani. Jaza kwenye kituo.

Ukishafanya yote haya na bado inagonga, sasa zungumza na fundi kuhusu hedi.

Ikichemka, naweza kuimwagia maji ipoe haraka? (Nyalenda, Kisumu)

Hapana. Alumini yenye moto ikipigwa na maji baridi hupinda au hupasuka, na hedi iliyopinda haishiki gasketi tena. Zima, egesha kivulini, ngoja dakika 20. Hii inawahusu pia mnaoteremka ufukweni kuosha pikipiki mara tu mnapofika. Na oili msiioshee ziwani. Maji hayo hayo Kisumu inayanywa.

Rafiki ananiambia oili ya kupima kwenye chupa ya soda ni sawa na ya mkebe, na hata ya gari haina shida. (Free Area, Nakuru)

Rafiki yako atakuachia gharama. Injini yangu ya kwanza niliiua kwa oili ya chupa. Nilikuwa natoka Nakuru kwenda Gilgil, ikaanza kupoteza nguvu baada ya Mbaruk, nikailazimisha, ikashika. Nilipofungua, oili ilikuwa nyepesi kama maji ya kunawa. Aliyeniuzia hakuweza kuniambia ilitoka wapi, na sikuwa nimemuuliza kabla ya kununua. Miezi minne ya akiba iliishia kwenye silinda na pistoni, na katika miezi hiyo sikuwa na kazi.

Ya gari ina tatizo lake. Kwenye pikipiki nyingi hizi, klachi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Oili nyingi za magari ya kisasa, zile nyepesi, zina viungo vya kupunguza msuguano, nayo klachi inaishi kwa msuguano. Ikiteleza, injini inalia, pikipiki haiendi, joto linapanda, na utaniandikia kwamba inachemka. Tafuta mkebe uliofungwa, wenye maandishi JASO MA au MA2, yaani oili inayofaa klachi ya pikipiki, na uzito unaotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa Boxer na nyingi za aina yake ni 20W-50.

Lingine, ambalo hukuuliza: kuongeza oili si kubadilisha oili. Waendeshaji wengi Nakuru huongeza kikombe kila wiki na kujivunia kwamba injini haijawahi kukauka. Uchafu wote wa miezi umebaki humo. Mimi hubadilisha kila kilomita 2,000, na anayetembea kilomita 100 kwa siku atafika hapo kwa siku 20. Oili chafu usiimwage mtaroni. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka, kinachoingia kinabaki. Weka kwenye mtungi, wenye nguzo za mbao watakuja kuichukua kwa ajili ya mchwa.

Ajabu, oili yangu inaongezeka badala ya kupungua. Asubuhi naikuta juu ya alama. (Kakamega)

Nusa kijiti. Kinanuka petroli, sivyo? Sindano inayofunga petroli kwenye kabureta imechakaa haifungi, na wewe unalala bila kufunga tepu ya tangi. Usiku kucha petroli inateremka hadi kwenye injini, inaifanya oili kuwa nyepesi, nayo haiwezi tena kulinda kitu. Usiiwashe kabisa. Mwaga yote, badilisha sindano na kiti chake, weka oili mpya, na tepu ifungwe kila unapoegesha.

Sasa nisikilizeni wote mnaolaza pikipiki sebuleni kwa kuogopa wezi. Naelewa hofu hiyo, pikipiki ndiyo shamba lenu. Lakini petroli inayovuja ndani ya chumba chenye jiko au koroboi inaweza kuteketeza nyumba na watoto waliolala. Kama hamna mahali pengine, tepu ifungwe, dirisha liwe wazi, na moto usiwashwe chumba hicho.

Mvua ya juzi nilipita maji yaliyofika kwenye kikanyagio cha mguu, Ahero. Sasa oili ni kama chai ya maziwa.

Maji yameingia, pengine kupitia mrija wa kupumulia wa injini. Kwa kuwa injini yako haina maji ya kupoza, hayawezi kuwa yametoka ndani. Badilisha oili, washa kwa dakika chache bila kubeba mtu, mwaga tena, weka nyingine. Ikiwa bado nyeupe, rudia. Usifanye hata safari moja kabla ya hapo. Chujio la hewa likague pia, likiwa limelowa injini haipumui. Na mafuriko ya Nyando yakija tena, zima na usukume, au rudi.

Nimepaka silikoni mara tatu na bado inavuja. Ni silikoni gani nzuri zaidi? (Webuye)

Hili swali nimelijibu mwezi jana na mwezi wa kabla yake. Hakuna silikoni nzuri zaidi. Ndugu yangu, umeziba mara tatu bila kujiuliza ni nini kinachosukuma oili nje.

Injini inapumua. Gesi kidogo hupita kando ya ringi kila pistoni inaposhuka, na kuna mrija maalumu wa kuitoa. Mrija huo ukizibwa na tope, ukikunjwa, au ukifungwa na mtu aliyedhani umening'inia bure, shinikizo ndani linatafuta njia, na njia rahisi ni sili na gasketi zako. Utaziba hapa, itatokea pale. Vuta mrija huo, upulize, uone kama hewa inapita. Kisha pima oili, maana waliojaza kupita alama hupata ugonjwa huo huo. Ikiwa mrija ni safi, oili ni sawa, na bado unatoa moshi kama bomba la jiko, hapo ringi zimechoka kweli.

Silikoni iliyozidi ina hatari nyingine: inayokamuliwa kwa ndani hukatika vipande, huzunguka na oili, na kuziba tundu la oili. Sehemu ya juu ya injini inakauka huku kijiti kinaonyesha oili imejaa. Kwangua yote kwa kipande cha mbao, usitumie bisibisi, weka gasketi yenyewe, kaza bolti kwa kukingama, kidogo kidogo. Nyuzi za alumini hazisamehe mtu anayekaza kwa hasira.

Kama uvujaji uko upande wa giya, karibu na spoketi ndogo, hiyo ni sili ya shafti, na lishughulikie leo. Oili hiyo hurushwa na cheni hadi kwenye tairi la nyuma.

Pikipiki niliinunua Timboroa ikiwa safi kabisa. Nimeileta Kondele, Kisumu, inachemka na kupiga risasi kwenye ekzosi nikiachilia mafuta.

Timboroa iko karibu mita 2,700 juu ya bahari na hewa ni haba. Fundi wa huko huenda aliweka jeti ndogo ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, ili petroli ilingane na hewa hiyo, na alifanya vizuri. Kisumu hewa ni nzito zaidi, petroli imekuwa kidogo, injini inachemka. Rudisha jeti iliyotajwa kwenye kitabu. Plagi itakuwa nyeupe, iangalie uhakikishe.

Moshi wa bluu ni nini?

Oili inaungua. Ukitoka asubuhi tu kisha unaisha, ni sili za valvu. Ukitoka kila unapoongeza mafuta, ni ringi.

Mimi si mwendeshaji. Nilichukua mkopo wa chama nikamnunulia kijana wa jirani pikipiki afanye kazi, tunagawana. Kila nikiona oili sakafuni ananiambia ni kawaida. Nitajuaje? (Mbale, Vihiga)

Mama, si kawaida. Jasho kidogo kwenye maungio ya injini nzee tunaweza kulivumilia. Tone linaloanguka sakafuni ni kasoro yenye jina na yenye dawa.

Huhitaji kuwa fundi. Tandaza katoni chini ya injini jioni, asubuhi utaona doa liko wapi. Chora alama ya gurudumu la mbele ili ujue mbele na nyuma. Nunua daftari. Kila Jumapili kijana akupimie oili mbele yako, injini ikiwa imepoa, uandike kilomita na kiwango. Pesa ya oili itoke kwenye mapato kabla hamjagawana, isiwe mfukoni mwake, kwa sababu akilazimika kuchagua kati ya oili na chakula cha watoto wake, atachagua chakula, na sitamlaumu. Wengi wenu wenye pikipiki mnadai hesabu ya siku bila kuuliza hata mara moja kama kijana amebakiwa na ya kununua mkebe.

Na ikiwa daftari linaonyesha oili inapungua lakini katoni ni kavu, simama nyuma ya pikipiki anapoondoka, utazame moshi.